Zenzai: supu tamu ya azuki na dango za mchele, na kwanini sukari inaingia mwisho

Watu wengi nikiwaambia Wajapani wanapika maharage na sukari wanakunja uso. Mama yangu Tanga nilipomwelezea kwenye simu mara ya kwanza alinyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Mwanangu, maharage unayatia sukari? Na chumvi je?" Chumvi inatiwa pia mama, kidogo tu, mwishoni, tutafika huko. Lakini kama umekulia pwani na Ramadhani umefuturu vipopoo, yale madonge madogo ya unga yanayopikwa kwenye tui la nazi lenye sukari, basi zenzai utaielewa kabla ya kijiko cha pili, kwasababu ni ndugu kabisa, madonge laini (huku yanaitwa dango) ndani ya supu tamu ya moto, ila hapa badala ya tui kuna azuki, maharage madogo mekundu yaliyopikwa taratibu mpaka mengine yakapasuka yenyewe na kuufanya mchuzi uwe mzito kama uji.

Nimejifunza kwa bibi mmoja jirani yangu hapa Osaka, milango yetu inatazamana, na kila Januari alikuwa ananigongea na bakuli lenye mfuniko. Mwaka wa pili nikamwomba anifundishe, nikasimama jikoni kwake asubuhi nzima, na neno alilokuwa analirudia kila baada ya dakika chache ni moja, mada, mada, yaani bado, bado. Nikiangalia kopo la sukari, bado. Nikisema naona zimeiva, anatoa punje moja anaibonyeza, bado. Mpaka leo nikipika namsikia, na nawaambia ukweli, siri yote ya zenzai iko kwenye hiyo bado.

Kabla ya kubandika sufuria, majina kwanza maana yanachanganya sana. Huku Osaka na upande wote wa Kansai, supu ikiwa na punje zake zinaonekana inaitwa zenzai, na ile iliyochujwa maganda ikawa laini ndio oshiruko. Ukienda Tokyo mambo yanageuka, pale yenye mchuzi yote ni oshiruko iwe na punje isiwe nazo, na ukiagiza zenzai unaletewa mochi, donge la mchele wa kunata uliopikwa na kutwangwa, iliyofunikwa na azuki nzito isiyo na mchuzi. Na Okinawa kabisa ukisema zenzai unapewa barafu iliyokunwa juu ya maharage matamu, kitu cha kula wakati wa joto kali. Kwahiyo ukiangalia video mbili za mapishi zikapingana usishangae, kila mtu anaongea la kwao. Watu wa Izumo, mkoa wa Shimane, wao wanasema jina lenyewe limetoka kwao, kwenye jinzai, mochi ya azuki iliyokuwa inaliwa mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, mwezi ambao inaaminika miungu ya Japani nzima inakusanyika Izumo.

Januari ndio msimu wake. Mwaka mpya ukiingia nyumba nyingi zinaweka mochi kubwa mbili za duara moja juu ya nyingine, kagami mochi, na zinakaa pale siku kadhaa mpaka zinakauka na kuwa ngumu kama jiwe. Ikifika tarehe 11 Januari, sehemu nyingine za Kansai tarehe 15 au 20, zinavunjwavunjwa kwa nyundo ya mbao. Hazikatwi kwa kisu, na hata neno kuvunja halisemwi, wanasema kufungua. Vipande vinachomwa alafu vinatumbukizwa kwenye azuki ya moto. Sisi ambao hatuna mochi ya kuvunja tunatumia shiratama, dango nyeupe za unga wa mchele wa kunata, na mi binafsi nazipenda zaidi ya mochi yenyewe kwasababu ni laini na mtoto wa miaka kumi anaweza kuzitengeneza.

Vitu vya kutafuta, kwa watu 5

Azuki kavu gramu 200. Sukari gramu 160 mpaka 200, mi naanza na 160 alafu naonja. Chumvi robo kijiko cha chai. Unga wa shiratama gramu 120 na maji yake mililita 105 hivi. Maji mengi ya kupikia. Basi, hakuna maziwa, hakuna mayai, hakuna jelatini wala pombe ya kupikia, na ndomaana kwa Mwislamu anayeishi huku ni kitu cha kupika nyumbani na moyo ukatulia, maana vyakula vingi vya Kijapani vina mirini au sake ndani yake bila wewe kujua. Miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye baridi, na bakuli la zenzai wakati wa futari baada ya tende, acha tu.

Azuki ni punje ndogo nyekundu iliyokolea, ina kialama cheupe kirefu pembeni. Ndani ya Japani zaidi ya asilimia 90 inalimwa Hokkaido, hasa tambarare ya Tokachi, zinavunwa Septemba na Oktoba. Ukiona pakiti imeandikwa azuki mpya chukua hiyo, azuki iliyokaa miaka mawili matatu dukani unaipika mchana kutwa na bado inakutazama. Nje ya Japani nenda maduka ya Waasia, yawe Dubai, London au Minneapolis, zipo.

Kwenye unga ndio watu wanapotea. Kuna shiratamako, kuna mochiko, kuna joshinko, na pakiti zote zinafanana, nyeupe, zimepangwa rafu moja. Shiratamako imeandikwa 白玉粉, piga picha hizo herufi uende nazo dukani. Huo ni mchele wa kunata uliolowekwa, ukasagwa na maji, ukaachwa utuame alafu ukakaushwa, kwahiyo ukifungua pakiti hauoni unga wa vumbi bali chengachenga, vipandepande kama chokaa iliyobomoka. Mochiko nao ni mchele wa kunata lakini umesagwa laini kabisa, unafaa, ila dango zake zinakuwa nzito kidogo mdomoni. Joshinko ni mchele wa kawaida usionata, huo unahitaji kuchomwa na mvuke na kutwangwa, ukiuchemsha kama shiratama unapata vigumu visivyotafunika. Mara ya kwanza mi nilinunua joshinko, nikakanda na maji ya baridi, zikapasuka kwenye maji na zilizobaki zikawa kama chaki. Unga wa mchele wa kunata wa Thailand unaouzwa maduka ya Waasia pia unakubali, ila kiasi chake cha maji sio hicho hicho, kwahiyo tia kidogo kidogo.

Ukikosa azuki kabisa tumia kunde nyekundu. Sio ubabaishaji. Azuki na kunde ni jamaa wa karibu, na Wajapani wenyewe kunde wanazijua, wanaziita sasage, na upande wa Tokyo wali mwekundu wa sherehe unaoitwa sekihan tangu enzi za Edo umekuwa unapikwa na hizo hizo kunde badala ya azuki, sababu inayosimuliwa ni kwamba azuki ikiiva tumbo linapasuka na masamurai walikuwa hawataki kuona kitu kinachowakumbusha mtu kujipasua tumbo, kunde ganda lake linavumilia. Sasa kwa zenzai tunataka zipasuke kidogo ili mchuzi uwe mzito, kwahiyo ukitumia kunde ponda kiasi kwa mwiko. Maharage makubwa mekundu nayo yanawezekana, ndio aina wanayotumia Okinawa kwa ile zenzai yao ya barafu, ila ganda ni nene, yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, alafu yachemshe kwa moto mkali kabisa dakika 10 kabla ya kupunguza moto, maharage mabichi au yaliyopikwa moto mdogo tu yanaumiza tumbo vibaya.

Kuchambua na kuosha

Mwaga azuki kwenye sinia uchambue kama unavyochambua maharage nyumbani, toa mawe, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa. Osha mara mbili, zinazoelea tupa. Kuloweka hakuna haja, na hili watu wa kwetu wanalipinga sana lakini sikiliza, ganda la azuki halipitishi maji kirahisi, maji yanaingilia karibu na kile kialama cheupe tu, kwahiyo unaweza kuloweka masaa mengi ukakuta bado kavu ndani, na kama kuna joto maji yanaanza kuchacha. Moja kwa moja sufuriani.

Sufuria iwe nzito chini, ya stenlesi au enameli. Ya chuma cheusi acha, inazifanya azuki ziwe na weusi usiopendeza. Na magadi usitie tafadhali. Najua kwetu maharage yakigoma tunarusha magadi au beking soda kidogo, hapa yatalainisha kweli lakini rangi inaharibika na ile harufu yake nzuri, inayokaribia chestnati ya kuchoma, inapotea yote.

Maji ya kwanza ni ya kumwaga

Weka azuki na maji yafunike kama vidole viwili juu, washa moto mkali. Yakichemka vizuri mimina glasi moja ya maji ya baridi. Wanaita bikkuri mizu, maji ya kushtua, azuki zinashtuka kweli, maganda yanakunjana alafu yanaanza kunyooka na kunywa maji kwa pamoja. Acha yachemke tena dakika 5. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, onja tone moja kwenye kijiko, utasikia ukakasi unaokamata ulimi kama ndizi mbichi. Huo ukakasi ndio tunaoumwaga. Mimina zote kwenye chujio, suuza haraka na maji, osha na sufuria maana utando unabaki pembeni.

Usichemshe dakika 20 ukadhani unasafisha zaidi, unamwaga utamu. Bibi alikuwa anafanya mara moja tu, wapo wanaofanya mara mbili, mi namfuata bibi.

Kupika polepole

Rudisha azuki sufuriani na maji mapya lita 1. Moto mkali mpaka yachemke, toa povu, alafu shusha moto uwe mdogo kiasi kwamba unaona juu maji yanatetemeka, kipovu hapa kipovu pale, azuki hazirukiruki. Zikirukaruka zinagongana maganda yanachubuka na punje zinavurugika kabla hazijaiva ndani. Funika nusu. Kazi yako sasa ni moja, kuangalia maji. Punje isitoe kichwa nje ya maji hata mara moja, inayotoka nje inakauka ganda na haitalainika tena sawasawa na wenzake. Kila yakipungua ongeza nusu glasi. Hapa inachukua saa 1 mpaka saa 1 na nusu, azuki za zamani hata 2.

Wenye presha kuka tumieni, dakika 15 mpaka 20 baada ya kuanza kupiga, lakini sufuria isijae zaidi ya theluthi moja maana azuki zinatoa povu jingi na maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke, na uache presha ishuke yenyewe. Mi bado napenda sufuria ya kawaida, nyumba inanukia kuanzia jikoni mpaka kwenye ngazi.

Kupima kwa kidole kidogo

Toa punje moja, iache ipoe kidogo, iweke kati ya dole gumba na kidole kidogo cha mwisho. Kidole kidogo hakina nguvu, ndio maana kinatumika. Bonyeza. Ikisagika bila wewe kujilazimisha, laini mpaka katikati, hakuna kiini kinachokwaruza, imeiva. Ukiona lazima ukaze kidole, bado. Na usipime moja ukaridhika, pima tano, chukua za chini na za juu, zikifaulu nne ikagoma moja, bado.

Kwanini nasisitiza hivi, kwasababu mwaka wangu wa kwanza kabla bibi hajanifundisha niliweka sukari pamoja na azuki tangu mwanzo, nikaona si yote yanaenda tumboni. Nilipika masaa matatu na nusu. Mchuzi ukawa mtamu, mweusi, unanata, na azuki zikabaki ngumu kama changarawe, nikaongeza maji, nikapika tena, hakuna kilichobadilika, nikamwaga sufuria nzima na gesi imekwenda. Sukari ikiingia mapema inavuta maji kutoka kwenye punje, ganda linajikaza, na likishajikaza hata uwashe moto wa namna gani halirudi. Chumvi ya mwanzo hivyo hivyo usitie.

Zikishafaulu zote tano zima moto, funika kabisa, acha dakika 20 mpaka 30 zijimalizie kwa joto lake. Hapa ndio zile zilizobaki nyuma zinawafikia wenzao.

Sukari sasa

Washa moto mdogo. Angalia mchuzi, unataka uwe kama sentimita 1 au 2 juu ya azuki, ukizidi chota pembeni usimwage, ukipungua ongeza maji ya moto. Gawa sukari mafungu matatu. Tia la kwanza, zungusha mwiko wa mbao taratibu ukipita chini ya sufuria, subiri dakika 5. Tia la pili, subiri. La tatu, subiri. Ukitia yote kwa mpigo zile punje zilizolainika zinashtuka na kujikaza nje, utamu unabaki kwenye mchuzi na ndani ya punje hakuna kitu. Taratibu hivi inaingia mpaka kwenye kiini.

Utaona kitu kizuri hapa, rangi inabadilika. Azuki iliyopikwa bila sukari ni kahawia iliyofifia hivi, ukianza kutia sukari mchuzi unang'aa, unakuwa na wekundu wa zabibu na punje zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Onja. Alafu chumvi robo kijiko cha chai, koroga, onja tena. Utadhani umeongeza sukari. Chumvi hapa haisikiki kama chumvi, inausimamisha utamu tu, na ndio nilimjibu hivyo mama.

Uzito wa mchuzi ni juu yako, ila kumbuka ikipoa inaganda zaidi, kwahiyo zima ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka. Ukitaka nzito ponda kijiko viwili vya azuki kwenye ukuta wa sufuria ukoroge. Mi nasimamia pale ambapo upawa ukiinuliwa mchuzi unatiririka lakini unaacha koti jembamba mgongoni.

Kuhusu iliki. Najua mkono utawasha. Mtu wa pwani akiona kitu kitamu cha moto anatafuta iliki na tui, na mi nimewahi kutia vyote viwili na ilikuwa tamu, sikatai, lakini haikuwa zenzai tena, iliki ilipanda juu ya kila kitu na azuki ikawa haisikiki. Mara ya kwanza nakuomba uipike tupu. Azuki ina harufu ya upole sana, ya udongo na chestnati, ukiipa nafasi utaisikia, na ukishaijua basi mara ya pili weka unachotaka jikoni ni kwako.

Dango

Zianze azuki zikiwa zimepumzika na sukari yake, maana dango hazingoji.

Weka unga kwenye bakuli, mimina maji robo tatu kwanza, sio yote. Acha dakika moja zile chenga zinywe, alafu zisage kwa ncha za vidole mpaka usisikie kijiwe hata kimoja. Hapa usiwe na haraka, chenga isiyosagika inabaki kama mbegu ngumu katikati ya dango na mlaji anaikuta. Sasa ongeza maji yaliyobaki kijiko kwa kijiko huku unakanda. Mwanzo unakatikakatika unadhani hautashikana, kijiko kimoja mbele unashikana ghafla, kijiko kimoja tena unakuwa tope. Kwahiyo ule wa katikati ndio wa kuukamata. Kipimo cha Wajapani ni ndewe ya sikio, shika unga kwa mkono mmoja, shika ndewe yako kwa mwingine, vikifanana ulaini simama. Bibi alishika langu kabisa na mkono wenye unga akanionyesha.

Ukizidisha maji ongeza unga kidogo, hauharibiki. Huu sio unga wa ngano, hauhitaji kuumuka wala kupumzika, na hauna hasira ukiukanda sana.

Kata vipande vya gramu 9 hivi, kama gololi kubwa, utapata 25. Viringisha katikati ya viganja mpaka uso uwe laini bila ufa, maana penye ufa ndio patapasukia. Alafu bonyeza katikati kwa dole gumba kidogo, pawe na kishimo kama kitovu. Kile kishimo kina kazi, katikati panakuwa pembamba kwahiyo dango inaiva sawasawa nje na ndani, na ukipakua supu inatuama humo. Ukiwa na watoto nyumbani hii kazi wape wao.

Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, yakiwa yanatokota tumbukiza dango moja moja, zungusha mara moja chini zisishike. Zitazama, alafu baada ya dakika 2 au 3 zinaanza kupanda zenyewe. Ikielea bado haijaiva, wengi wanaitoa hapo, iache dakika 1 mpaka 2 zaidi, utaona inavimba kidogo na weupe unakuwa wa kung'aa. Andaa bakuli la maji baridi pembeni, zitoe kwa kijiko chenye matundu uziweke humo. Maji baridi yanazikaza nje zikawa na mvuto mzuri ukitafuna na hazishikani. Dakika 2 zinatosha, zisilale humo.

Kuna ujanja mmoja, badala ya maji kanda unga na tofu laini, ile inayotengenezwa kwa maziwa ya soya, kwa gramu 100 za unga kama gramu 120 za tofu, ukiongeza kidogo kidogo. Ladha ya tofu haisikiki, na dango zinabaki laini mpaka kesho yake, za maji zikilala zinakuwa ngumu. Nikiwa na wageni watakaochelewa natumia hiyo.

Kupakua

Pasha azuki iwe ya moto, weka dango 5 kwenye bakuli dogo, mimina upawa mmoja na nusu juu. Bakuli dogo kweli, lile la kushikika kwa mikono miwili, maana nusu ya raha ni vidole kupata joto.

Pembeni huku wanaweka kisahani cha shio kombu, vijinyuzi vya mwani vyenye chumvi, au umeboshi, tunda dogo chachu lililohifadhiwa kwa chumvi. Ukila vijiko vinne vitano vitamu ulimi unachoka, unatafuna unyuzi mmoja wa chumvi, na kijiko kinachofuata kinakuwa kama cha kwanza. Kwa wasiokula pombe soma pakiti ya shio kombu vizuri, nyingi zina mirini au sosi ya soya yenye alkoholi. Mi naweka kipande kidogo cha achari ya ndimu isiyo na pilipili, kinafanya kazi ile ile ya umeboshi, chumvi na uchachu. Kinywaji ni chai ya kijani isiyo na sukari, au hata chai ya rangi tupu.

Na hili nalisema kwa uzito. Dango na mochi zinakaba. Hapa Japani kila mwaka mpya kuna wazee wanakabwa na mochi na wengine wanafariki, zimamoto ambao ndio wenye ambulensi wanatoa tahadhari kila mwaka. Shiratama ni ndogo na laini zaidi ya mochi lakini ni ya duara na inateleza. Kwa mzee zikate robo, anywe kwanza supu kidogo koo lilowe, na usimsemeshe akiwa anatafuna. Mtoto mdogo asiyetafuna vizuri mpe supu na azuki peke yake, dango atakula akikua.

Zikibaki

Azuki iliyopoa inakaa frijini siku 3, na usiku mmoja ukipita inakuwa tamu zaidi kwasababu sukari imeendelea kuingia. Frizani inakaa mwezi, igandishe kwenye vifuko bapa upate kuvunja kipande unachotaka. Ukiipasha itakuwa imeganda kama jamu, usiogope, ongeza maji kidogo na moto mdogo, koroga chini maana inaungua upesi. Kukiwa na joto ile ya frijini unaila hivyo hivyo baridi na vipande vya barafu, nayo ni nzuri sana.

Dango zilizochemshwa frijini usiweke, zinakuwa ngumu na kupasuka mdomoni, zikishakuwa hivyo zirudishe kwenye maji yanayochemka dakika 1 zitalainika tena. Ila mi nabakisha unga mkavu, kesho yake asubuhi nikipasha azuki nakanda gramu 30 tu, dango 6, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka zinakuwa tayari zimeshaviringishwa kwenye kiganja.